Chokaa ya Wajane

Consolate alisimamisha mkono, lakini sauti ya kukwangua iliendelea.

Haikuendelea sana. Mkwaruzo mmoja, mwingine mfupi, kisha kimya, kama fundi aliyechelewa kutambua kwamba mwenzake amepumzika. Aliitazama spatule, kile kisu bapa cha kukwangulia, mkononi, akamtazama Nura aliyekaa mkekani na nguo zake nyeupe, mtoto kifuani, macho chini. Nura hakuinua kichwa. Bon, panya, Consolate akajiambia. Nyumba ya zamani ina panya. Mtu aliyemaliza ujana wake chuo kikuu akisoma historia, halafu akaishia kukaanga maandazi mtaa wa Jabe, haachi kazi kwa sababu ya panya.

Ilikuwa kiangazi cha 1997, wakati wa embargo, nchi jirani zimeifungia Burundi mipaka. Petroli iliuzwa kwa chupa, sementi ilikuwa hadithi, na juu kwenye mtaa wa Gihosha risasi zilisikika mara nyingi hivi kwamba mbwa walikuwa wameacha kuzibwekea. Katikati ya mambo hayo shirika moja la Ulaya likakumbuka kwamba Bujumbura ina majengo mazuri. Mitaa mizima ilikuwa imebaki kuta tupu, wenyewe wanalala kwenye mahema, lakini patrimoine, urithi wa taifa, mesdames et messieurs, patrimoine haiwezi kungoja. Wakachagua nyumba ya ghorofa ya familia moja ya Waomani katika quartier asiatique, mtaa wa Waarabu na Wahindi, yenye roshani ya mbao na mlango wa kuchongwa, wakatuma mtaalamu. Mtaalamu akalala hoteli ya ziwani, akaja na walinzi, akapapasa kuta, akasema neno ambalo tangu siku hiyo kila mtu pale alilirudia kama dua: état d'origine. Kila kilichoongezwa kitolewe. Nyumba irudi ilivyozaliwa.

Consolate aliajiriwa kuandika historia ya nyumba hiyo. Spatule alipewa kwa sababu ya chumba cha juu. Humo ndimo Nura alimokuwa anakaa eda. Mume wake, Mazin, alipigwa risasi barabara ya Bugarama akishuka na gari la mchele, na mjane aliye ndani ya eda haonwi na wanaume wa kando. Mafundi wote walikuwa wanaume. Mtaalamu aliuliza kama bibi huyo hawezi kuhamishiwa kwingine kidogo. Mama yake Mazin, Bi Kaltum, akamjibu kwa upole kwamba wajane wote wa nyumba hii wamekaa chumba hicho, tangu nyumba ina paa. Akabaki Consolate. Diplôme ilikuwa imempa kalamu. Kuwa mwanamke kukampa spatule.

Kazi yenyewe haikuwa mbaya. Chokaa ilikuwa imepakwa tabaka juu ya tabaka. Unaingiza ncha pembeni, unainua polepole, na kipande kinatoka kizima kama ganda la yai la kuchemsha. Chini ya tabaka la kwanza alikuta viganja viwili vya mwanamke, vimebonyezwa wakati chokaa ilikuwa bado mbichi, vidole vimetanuliwa. Chini ya tabaka la pili akakuta vingine, vidogo zaidi. Kila tabaka lilikuwa na viganja vyake. Alimwambia Bi Kaltum, na Bi Kaltum akatazama pembeni, akasema hayo ni mambo ya wanawake wa zamani, aendelee tu.

Nura na yeye walizungumza kidogo. Nura alipenda kuuliza mambo ya nje, bei ya nyanya, nani ameolewa. Siku moja akauliza la karibu zaidi.

"Da Conso, na we uko na bwana?"

"Niko naye. Amesafiri."

"Wapi?"

"Bado hajasema."

Nura akaelewa. Katika Bujumbura ya miaka hiyo swali la tatu halikuulizwa.

Bwana huyo aliitwa Pontien. Siku mtaa wao wa Mutakura ulipohamwa, walikimbia pamoja mpaka barabara kubwa, kisha Pontien akasema anarudi kuchukua godoro, kwa sababu godoro lilikuwa jipya. Hakuonekana tena. Shemeji zake walitaka kufanya levée de deuil, karamu ya kuondoa msiba, watu wanywe bia, jambo liishe. Consolate aliwaambia kwamba huwezi kumaliza kilio cha mtu ambaye hajafa. Wakaacha kumsalimia. Kila Jumamosi, kwenye chumba alichopanga Jabe, aliijaza upepo baiskeli ya Pontien, matairi yote mawili, ili mwenyewe akirudi asikute kazi. Hakuwa na dini nyingine iliyobaki.

Basi Jumamosi moja akasahau matairi. Aliliona jambo hilo Jumatatu, akiwa amesimama mbele ya ukuta, na lililomshangaza ni kwamba halikuuma. Tangu aanze kazi ile alikuwa analala usingizi wa kweli. Alipita kwenye vizuizi vya askari bila mapigo ya moyo. Alipita mahali ambapo wiki nzima kulikuwa na harufu, akapita tu. Nura naye alikuwa amebadilika. Mwanzoni alilia kila alasiri, kilio cha chinichini, uso kwenye kanga. Kadiri ukuta ulivyovuliwa ndivyo kilio kilivyopungua, mpaka kikaisha. Wanawake waliokuja kumtazama walimsifu. Amevumilia, walisema. Mungu amempa subira.

Ukuta ndio uliokuwa unalowa. Kiangazi kikavu, vumbi mpaka kwenye meno, na ukuta wa ndani, mbali na bomba lolote, ulitoka jasho. Likikauka liliacha manyoya meupe membamba. Consolate aliyagusa kwa ncha ya ulimi, kama alivyofundishwa. Chumvi. Mtaalamu, alipopigiwa simu hotelini, alisema, salpêtre, chumvi ya kuta, jambo la kawaida, continuez, endeleeni. Hakuulizwa kuhusu harufu, maana angeipa nayo jina la Kifaransa: harufu ya udi uliozimika, ya nywele mbichi, ya maziwa yaliyolala.

Tabaka la mwisho lilitoka alasiri, wakati nyumba nzima imelala na katika duka la ghorofa ya chini mashine ya kushona ilikuwa imenyamaza. Nyuma yake palikuwa na lipu ya rangi ya nili, ile ile origine iliyokuwa inatafutwa, laini, nzuri kweli. Katikati yake palikuwa na viganja viwili. Consolate alivipitishia mkono ili kuondoa vumbi, na mkono wake ukajua kabla ya macho. Viganja vya wajane vilikuwa vimebonyea kuingia ukutani. Hivi vilikuwa vimetuna. Vilitoka nje, kuja chumbani, kila kidole kimeinua lipu kama kinavyoinua shuka kidole cha mtu aliyelala, na vilikuwa vikubwa, na kidole kimoja kilikuwa na pingili isiyopaswa kuwepo, na alipokuwa bado ameviwekea mkono wake juu, bila kuuondoa, kwa sababu hakuona sababu ya kuuondoa, kukwangua kukaanza tena upande wa pili, sasa bila kujificha, kwa mwendo ule ule wa mkono wa Consolate, polepole, kutoka pembeni, na ndipo akatambua kwamba chini ya sauti hiyo kulikuwa na sauti nyingine ambayo alikuwa anaisikia tangu adhuhuri, labda tangu asubuhi, sauti iliyokwaruzika mpaka imebaki pumzi, na kwamba sauti hiyo ilikuwa ya mtoto Wafa, amelala mkekani kwa mama yake, midomo imekauka, analia kutaka kunyonya, na Nura amekaa hatua moja kutoka kwake na kifua cha nguo yake nyeupe kimelowa maziwa mpaka magotini, anautazama ukuta, uso mtulivu kama wa mtu anayengoja chai.

"Nura," akasema. "Mutoto."

"Mutoto gani?" Nura akauliza. Hakuwa anatania.

Consolate alimbeba Wafa, akashuka naye. Alishuka taratibu. Baadaye hilo ndilo lililompa hofu, kile kidogo cha hofu alichokuwa amebakiwa nacho: kwamba alishuka taratibu.

Bi Kaltum alikuwa sebuleni. Mtaa wote bado ulimwita Mama Mazin, kwa sababu hakuna aliyejua amwite nani sasa. Alimchukua mjukuu, akamchovyea kidole kwenye maji ya sukari, bila haraka yoyote. Consolate alimweleza aliyoyaona. Bi Kaltum alisikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilijua," akasema. "Mama mukwe wangu alinionesha. Mujane akitoka eda, anapaka chokaa yeye mwenyewe, anaacha mikono yake, anamufungia. Ule mwenye iko mule anakula kilio. Ukimufungia anaonja tu, anakupunguzia. Ukimufungua, anakula mpaka kwenye mifupa."

"Na we ukaniacha nikwangue, Mama Mazin?"

"Ile siku ulianza, nililala. Tangu walinileteya mwanangu ndani ya turubai sikuwa nimelala. Nikasema, acha akwangue kidogo."

Hakuna aliyelaumu. Hawakuwa na kitu cha kulaumia.

Walimtuma mtu mtaa wa Buyenzi kumwita Mwavita, mwanamke anayeosha maiti za wanawake na anayejulikana kwa mambo ya upande ule mwingine. Mwanamume asingeingia. Mwavita alifika kabla ya magharibi, mnene, mwenye jino la dhahabu, akilalamika juu ya ngazi, na ndoo ya chokaa kichwani mwa mtu mwingine. Aliomba kwanza juisi. Kisha akaingia chumbani, akaweka sikio kwenye lipu ya nili, na Consolate akaona lile jino likifichika polepole ndani ya mdomo.

Mwavita alisoma aliyoyasoma, kwa sauti ndogo, muda mrefu. Ukuta ulimwacha amalize. Kisha ukakwaruza mara moja, kama mtu anayekohoa kistaarabu kukumbusha kwamba yupo.

"Huyu hafukuzwi," Mwavita akasema. "Nyumba imemukuta hapa. Mafundi wenu walijenga juu ya kikao chake. Anafungwa tu, vile bibi zenu walimufunga."

Alikoroga chokaa na marashi na chumvi. Akampa Nura brashi. Nura alipaka alipoambiwa apake, vizuri, bila kumwaga. Akaambiwa aweke viganja na amtaje marehemu. Akaweka viganja, akasema, Mazin, kama anavyosoma mtu kibao cha duka. Alipoondoa mikono, chokaa ilikuwa imelala laini. Hapakuwa na alama, wala ya ukucha. Bi Kaltum naye akajaribu kwa ajili ya marehemu mumewe, na ikawa hivyo hivyo. Chini ya chokaa mbichi vile viganja vikubwa vilikuwa vinatuna upya, na unyevu ulianza kuvichora.

"Hawa wamekwisha," Mwavita akanong'ona. "Inatakiwa mujane mwenye bado iko na kitu ndani. Mi msinitazame. Waume zangu wote wako hai, kwa bahati mbaya." Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakungoja. Akamgeukia Consolate. "Na we?"

"Mi niko na bwana. Amesafiri."

"Sijauliza kama uko naye. Ninauliza kama unamulilia."

Consolate aliutazama ukuta. Ukuta ulikuwa umekula kila alichokiita huzuni. Lakini ule upepo wa Jumamosi, zile saa za kuitazama barabara ya Mutakura, hakuwahi kuviita huzuni, kwa hiyo ukuta haukuvitambua. Ndivyo alivyokuwa navyo. Ni hivyo tu.

"Nisikudanganye, dada," Mwavita akasema. "Chenye utaweka mule hakirudi. Hata bwana akirudi, hakirudi."

Wafa hakusikika tena. Bi Kaltum alikuwa amemlaza sakafuni mlangoni mwa chumba, na mtoto alikuwa anafungua mdomo na kuufunga bila sauti. Nura alimtazama, akatazama ukuta. Jua lilikuwa linaondoka kwenye roshani. Siku mbili zaidi za haya, Consolate alijua, na mtoto yule angekufa katikati ya wanawake watatu wanaomtazama.

Akachovya brashi. Akapaka. Akaweka mikono yake miwili juu ya ile mingine, na ile mingine ilikuwa ya moto.

"Pontien amekufa," akasema.

Hakuwahi kulisema, kwa Kiswahili wala kwa Kirundi wala kwa kile Kifaransa walichotongozana kwacho, na lilipotoka kila kitu kikalifuata, godoro la rangi ya udongo lenye nailoni yake bado, mgongo wake akirudi mbio na mkono mmoja hewani kumaanisha ngoja, pampu ya baiskeli, kovu kwenye nyusi, jinsi alivyomwita Conso akiwa amekasirika na Consolate akiwa amefurahi, vyote vikashuka mabegani na kupita kwenye viwiko na kutoka kwenye viganja, na upande wa pili kitu kikawa kinameza, alikihisi kinavyomeza, funda kwa funda, bila haraka, mpaka chokaa ikapoa chini ya vidole vyake na hapakuwa tena na cha kumeza.

Alipoondoa mikono, alama zilikuwa pale, zimebonyea vizuri.

Nyuma yake Nura alipiga ukelele mmoja, akamrukia mtoto, akamweka kifuani, akalia na mtoto akanyonya. Bi Kaltum alilia mpaka majirani wakadhani habari nyingine imekuja kutoka Bugarama. Mwavita aliketi ngazini, akifuta jasho. Consolate aliosha mikono kwenye ndoo. Chokaa ilikuwa imemchoma, ngozi inainuka. Akauliza kama kesho aje saa ile ile.

Mtaalamu alipoletewa habari kwamba lipu yake ya nili imefunikwa, alisema vandalisme, uharibifu, akamfukuza kwa simu. Muda si mrefu naye akahamishwa kwa ndege pamoja na vitabu vyake, na patrimoine ikaweza kungoja. Consolate alirudi kwenye maandazi. Aliwaambia shemeji zake wafanye levée de deuil. Bia zikanywewa, hotuba zikasomwa, akapeana mikono na watu. Hakuna aliyeona chochote. Mji ulikuwa umejaa watu wanaotembea hivyo hivyo, na wale hakuna jini aliyewapitia. Ziliwapitia habari za redio tu, na siku.

Pontien alirudi wakati wa mvua. Alifika mchana, mwembamba, na mfuko wa plastiki, kutoka kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Alikuwa amepigwa, akabebwa na watu asiowajua, akavushwa. Alisimama mlangoni Jabe, akaona baiskeli yake imeegemea ukuta, akalibonyeza tairi.

"Matairi hayana upepo," akasema.

"Ego," akakubali. "Karibu ukae."

Alimpa kiti cha wageni. Alimkaangia maandazi. Alitambua kovu, sauti, mkono. Alimjua kabisa, kama anavyojua jina la mtaa. Pontien alilia, akamshika magoti, akamwomba aseme kitu, na yeye alisema kwamba chai itapoa. Alitafuta ndani yake kwa bidii, kama mtu anayepekua mifuko ya koti. Hakukuta.

Walikuwa bado hivyo wakati Nura alipobisha hodi, Wafa mgongoni. Eda yake ilikuwa imekwisha. Hakumjua yule mwanamume aliyeketi, akazungumza mbele yake.

"Da Conso, ule ukuta unalia. Si mi, si mama. Ni sauti yako. Inaita Ponti."

Pontien aliinuka.

Walikwenda wote. Njiani hakuuliza kitu. Katika chumba cha juu mkeka ulikuwa umekunjwa, na kikapu cha vifaa kilikuwa bado dirishani, hakuna aliyekuja kukichukua. Pontien aliweka sikio kwenye viganja vya mke wake. Ndani, mbali kidogo, mwanamke alikuwa analia, na kati ya kilio aliuliza, kwa Kirundi, kwa sauti ya siku ile barabarani, yuko wapi. "Ponti, uri hehe?"

"Ndi ngaha," Pontien akauambia ukuta. Niko hapa. "Ndi ngaha, Conso."

Kilio kikakatika. Kisha, upande wa pili, polepole, kutoka pembeni, kukwangua kukaanza.

Pontien alitia kucha kwenye chokaa. Ilipokataa akageuka, akaona kikapu, akaichukua spatule.

"Mwambie aache," Nura akanong'ona. Alikuwa amemhamishia Wafa kifuani, amemfunika kichwa kwa mikono yote miwili. "Da Conso, nakuomba. Mutoto wangu analala humu ndani ya nyumba."

Consolate alimsikia. Alielewa kila neno na kila kitakachofuata. Alimtazama mwanamume yule anayelia na kuchoma chokaa ovyo ovyo, akaona kwamba anaishika spatule vibaya. Akamsogelea, akamkunja kifundo cha mkono mpaka ncha ikalala sawasawa.

"Polepole," akamwambia. "Usianzie katikati. Anza pembeni."